Dar kwa miguu: nafuata mzigo kutoka Kariakoo mpaka Manzese

JUMATATU

Treni ya SGR kutoka Dodoma imetushusha mjini mchana. Nina duka dogo pale Majengo, Dodoma, nguo za watoto na vitenge, na miaka yote nikija Dar njia yangu ni ileile, nashuka, napanda bajaji, naenda Kariakoo kwa yule mtu niliyemzoea, nalipa, nafungiwa mzigo, narudi. Jiji silioni. Safari hii nimejipangia wiki nzima na nimejiwekea sharti kwamba soko kwa soko natembea, mwendokasi ni ya kunirudisha tu kwa shangazi Magomeni jioni. Ninachotaka kujua ni huu mzigo ninaoukuta umeshafungwa na kamba unapita kwa nani na nani kabla haujanifikia mimi.

Stesheni iko jirani na mnara wa saa, ule uliosimamishwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji, kwa hiyo nikaanzia hapo, begi mgongoni, raba miguuni, nikashika Nkrumah kwenda Gerezani. Gerezani ndo kwenye spea. Unakuta injini nzima zimewekwa pembeni ya barabara, milango ya Noah, taa za Vitz, beringi, rejeta, kila fremu na kitu chake. Nikasimama kivulini nikawa naangalia biashara inavyokwenda na aisee nimeipenda sana. Mteja anakuja na kipande cha chuma kilichokatika, jina lake halijui, anamwonyesha tu mwenye duka. Mwenye duka hicho kitu hana, ila hamwambii mteja aende, anaita kijana, kijana anakichukua kile kipande anapotea nacho kichochoroni, baada ya muda anarudi na kingine kinachofanana nacho kabisa, amekitoa kwa jirani mtaa wa tatu huko, bei inapangwa palepale na wote watatu wanapata chao. Nimeona hivyo mara kadhaa. Anayejua kila kitu kilipo Gerezani ni yule kijana wa kutumwa, na ukimwangalia harakaharaka utadhani hana kazi.

Jioni nikapanda mwendokasi hapohapo kituo cha Gerezani mpaka Magomeni. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, karibu, hiyo miguu ya kuzunguka Dar nzima unayo?" Nikamwambia ninayo. Wali, mchicha wa nazi, kulala.

JUMANNE

Leo ni Kariakoo yenyewe, nitaandika ndefu.

Nimetoka Magomeni Mapipa nikashuka bonde la Jangwani kwa miguu. Mvua zikizidi mto Msimbazi unafunika barabara hapa na watu wa upande huu wanashindwa kufika mjini, ila leo pakavu. Ukivuka unakuta makao ya Yanga pale Jangwani, ukisogea ukaingia mtaa wa Msimbazi unakuta jengo la Simba, yaani klabu ya 1935 na klabu ya 1936 unatoka moja kwenda nyingine kwa miguu bila hata kutoka jasho, na njiani wauza jezi wametandika za kijani na nyekundu pamoja kwenye turubai moja, mteja ni mteja.

Kariakoo unaisoma kwa mitaa. Msimbazi na Aggrey ni simu, chaja, kava, spika, vioo vya simu, mafundi wamekaa na darubini zao ndogo kwenye vimeza vyembamba mlangoni mwa maduka ya watu. Ukiingia Kongo ni nguo, na Kongo huwezi kusema unatembea, unasukumwa. Mwishoni mwa 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara jijini wakapangiwa maeneo, lakini nilivyoikuta Kongo leo ni meza, mwavuli, meza, turubai, mtu kashika suruali kumi begani, "jero jero jero", "buku mbili mchaguo wako mama", katikati bodaboda inataka kupita, na nyuma ya hayo yote ndo yapo maduka yenye milango ya vioo ambayo usipoambiwa huyaoni.

Anayekuambia ni winga. Kwa wasioijua Kariakoo niwaeleze vizuri maana mtu huyu anasemwa vibaya kuliko anavyostahili. Winga hana duka wala mzigo, ana kichwa chake na miguu yake. Anakukuta barabarani, "dada unatafuta nini", unamwambia magauni ya watoto wa miaka mitatu mpaka sita, anakupeleka ghorofa ya pili kwenye duka ambalo kwa barabarani halina hata kibao, kama hakuna saizi anakupeleka jengo lingine, anaongeza chake juu ya bei ya mwenye duka na hiyo tofauti ndo mshahara wake. Wapo wanaoongeza mno, kweli, na ukijua bei ya jumla huwezi kufurahi. Ila niliyempata leo alinitembeza majengo mengi, ngazi juu ngazi chini, na kila duka alikuwa anajua kontena lao limeingia lini na nini kimebaki. Nilipomuuliza kwa nini asinipeleke tu kule anakopata kingi akasema, "Dada ukirudi mwezi ujao utanitafuta mimi, nikikupiga leo nimekula mara moja." Nimemlipa na juu yake nikamuongeza, na namba yake nimeihifadhi.

Saa sita nikaenda kuliangalia soko lenyewe pale kati ya Mkunguni na Tandamti. Jengo hili lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo wa Kitanzania, likafunguliwa 1975, na mpaka leo sijaona jengo la soko linalolifikia. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyofunguka kuelekea juu, maji ya mvua yanakusanyika mle na kushuka kwenye nguzo, upepo unapita chini yake, na chini ya ardhi kuna ghorofa nzima ambayo watu wanaiita shimoni. Likaungua Julai 2021. Serikali ikalikarabati na kujenga jingine pembeni yake. Nilizunguka nje nikiangalia ile miavuli kwa chini na nikafurahi kwamba haikuvunjwa, maana aliyeichora alijua Dar ina jua na mvua, hivi vioo tunavyopandisha siku hizi kila mahali vinahitaji kiyoyozi mchana kutwa.

Sasa mzigo. "Mzigo! Mzigo! Pisha njia!" ukisikia hiyo sauti nyuma yako usigeuke kuangalia, sogea kwanza. Kuli anakuja na belo begani kubwa kuliko yeye, ameinamisha kichwa, anaona miguu ya watu tu. Wengine wawili wanasukuma mkokoteni umepakiwa mpaka juu, mwingine anaendesha guta. Nilikaa kwa mama lishe nikala ugali na samaki, na pembeni yangu walikuwa makuli wanapumzika, nikasalimiana nao, mmoja kumbe mtu wa Kondoa, akafurahi kusikia natoka Dodoma, "Dada wa nyumbani!" Huyo ndo amenifundisha kusoma mizigo. Kila belo limeandikwa kwa mark pen, jina la mteja na linakokwenda, na akawa ananionyesha yanavyopita mbele yetu: Kahama, Tunduma, Mwanza, Lubumbashi, Lusaka, Moroni. Wakongo wanaweka oda kubwa na Kiswahili chao kile cha kwao, Wakomoro wanapenda kuchagua wenyewe kimoja kimoja, Wazambia wana haraka ya basi. Nikamuuliza kizito zaidi ni nini, nikitegemea atataja vigae au betri, akasema ngazi. Stoo nyingi ziko ghorofa za juu na mzigo wote unapanda kwa mabega ya watu.

Akanionyesha pia upande lilikoporomoka ghorofa Novemba 2024. Watu walikufa pale, wenye maduka, wateja na makuli. Alivyolizungumzia hakupandisha sauti, akasema tu siku hizi akipandisha mzigo jengo lolote anaangalia nguzo kwanza. Mimi naingia majengo haya miaka yote na sijawahi kuangalia nguzo. Kuanzia leo naangalia, na nawaomba wenye mamlaka wayaangalie kuliko sisi, jengo moja moja, sio mpaka lianguke.

JUMATANO

Miguu inauma kwenye visigino, nimefunga plasta nikaendelea.

Mtaa wa Uhuru kutoka Kariakoo kuelekea mjini ni kanga na vitenge, marobota kwa marobota. Kanga inauzwa doti, na mteja wa kanga haangalii rangi kwanza, anafunua mpaka aone jina. Nilimwona mama mmoja mtu mzima amefunuliwa doti nyingi sana, zote nzuri, anasoma anarudisha, mwenye duka ana subira ya ajabu, mpaka akapata iliyoandikwa Wema hauozi, akaichukua bila hata kubishana bei. Nikamuuliza ya nani. Ya mkwe wake, akasema, alimuuguza.

Unavuka Mnazi Mmoja, ule uwanja wenye mnara wa Mwenge, kwa dakika chache tu. Wakati wa ukoloni uwanja huu uliachwa wazi makusudi kuitenga Kariakoo ya Waswahili na mji wa Wahindi na Wazungu, na mpaka leo ukivuka unaona kila kitu kinabadilika, mitaa inapungua upana, majengo ya ghorofa mbili tatu yenye vibaraza vya zege na mwaka umechorwa juu ya mlango, dhahabu, dawa, vitambaa vya suti, duka la viungo ambalo harufu yake inakufuata mpaka kona. Kisutu, Jamhuri, Indira Gandhi, Zanaki, Mosque. Hapa hakuna anayekuvuta mkono. Mwenye duka amekaa kwenye kiti chake ndani, ukiingia umeingia. Bajia za moto na chatini ya nazi nimekula nimesimama, nikaongeza kachori.

Ila majengo yale ya zamani yanaondoka. Unakuta kona moja kuna nyumba ya kibaraza, pembeni yake shimo limezungushiwa mabati, pembeni yake ghorofa ya vioo. Nilipiga picha za milango kadhaa yenye nakshi nikiwaza kwamba nikija tena baadhi sitaikuta. Naelewa kiwanja cha mjini kina bei, lakini mtaa wenye vibaraza unakupa kivuli cha kutembea mchana wa saa saba, mtaa wa vioo unakurudishia jua usoni, huo ni ushahidi wa miguu yangu.

Samora nimeifika jua kali. Njia nzuri, pana, wauza vitabu vya zamani wamepanga chini kwenye magazeti. Katikati ya mzunguko ile sanamu ya Askari ya 1927, ya shaba, bunduki mbele. Nimeipita kwenye gari mara nyingi, leo nimesubiri magari nikavuka kwenda kusoma. Maandishi yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, ya kuwakumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nilisimama pale muda mrefu. Wapagazi hao ndo walioiachia Kariakoo jina, Waingereza walipoutwaa mji 1916 wakawaweka pale. Wengi walikufa kwa maradhi na uchovu kuliko risasi, na sanamu iliyosimamishwa ni ya mwenye bunduki. Nikamfikiria yule kaka wa Kondoa na ngazi zake. Mimi ningependa Kariakoo pawe na sanamu ya mtu aliyebeba mzigo.

ALHAMISI

Feri unaenda alfajiri au usiende. Saa kumi na mbili nilikuwa nimeshafika Kivukoni, ngalawa na boti zimejaa ufukweni, watu wanaingia majini mpaka kiunoni kupokea ndoo. Soko hili la samaki lilijengwa kwa msaada wa Japani na limegawanywa vizuri, kuna upande wa mnada, upande wa kupaa, upande wa kukaanga. Kwenye mnada dalali anamwaga fungu juu ya meza, changu, kolekole, vibua, siku nyingine jodari mkubwa peke yake, anataja bei ya kuanzia na hapo ni kwa kasi, wanunuzi wananyanyua tu kidevu au kidole, na mimi niliyezoea kununua kwa kubembeleza nilichelewa kila mara, likishauzwa ndo najua lilikuwa linauzwa.

Wanaonunua sana ni akina mama wa kukaanga. Mama mmoja wa Mbagala aliniambia anaamka saa tisa usiku, ananunua vibua, anapaa hapohapo, anakaanga, saa tano yuko mtaani kwake na beseni kichwani. Kwa hiyo samaki wa mchana wa Mbagala alikuwa baharini usiku huohuo. Pweza wanaenda kwa wauza supu, hao wa jioni wenye jiko na kikombe kidogo. Barafu inasagwa kwenye mashine kelele mtindo mmoja, boda zinaondoka na maboksi yanayovuja.

Nimekula samaki wa moto kwa ndimu na pilipili, nikatembea ufukweni mpaka makanisa yale mawili ya enzi za Wajerumani, Azania Front na Mtakatifu Joseph. Alafu jua likanishinda, nikarudi nikalala mchana.

IJUMAA

Morogoro Road, kutoka Magomeni kwenda juu. Hii njia watu wanaipita ndani ya mwendokasi wakiangalia simu, vituo vinatajwa tu, Usalama, Mwembechai, Kagera, Argentina, Tip Top, Manzese. Kwa miguu ni mji mwingine. Magodoro, mafundi cherehani kwenye baraza, saluni, wauza mihogo ya kukaanga na kachumbari, magenge. Karibu na swala ya Ijumaa maduka yalianza kufungwa moja moja, kanzu nyeupe zikajaa njiani, kwa muda biashara ikatulia kabisa, baada ya swala ikarudi kama maji yaliyofunguliwa bomba.

Manzese ni viatu vya mtumba. Vimesuguliwa vikatiwa rangi mpaka vinang'aa, vimepangwa kuanzia chini ya daraja la waenda kwa miguu. Nikapanda juu ya lile daraja na ukiangalia kule chini unaona bidhaa za Kariakoo zimeshafika, zile kava, zile suruali, ila sasa zinauzwa moja moja, na bei imepanda kidogo tu. Nikapiga hesabu ya nauli ya kuzifuata Kariakoo na muda wa kusukumana, nikaona yule kijana wa Manzese anastahili kabisa hicho alichoongeza.

Mbele kidogo ni Urafiki, kiwanda cha nguo cha 1968 kilichojengwa kwa msaada wa China, kanga na vitenge vyake mama zetu walivivaa sana. Shangazi bado ana doti moja ya Urafiki sandukuni na haichuji. Vitenge nilivyovinunua Jumanne vimeandikwa vimetoka China, vimekuja kwenye kontena. Roho iliniuma kidogo pale nje ya ukuta wa kiwanda, pamba tunalima wenyewe kule Shinyanga na Simiyu, na mimi mwenye duka nauza ya kuletewa maana ndo ninayoipata kwa bei ambayo mteja wangu anaiweza.

Kutoka hapo nikaingia Mabibo kwenye soko la ndizi wanaloliita Mahakama ya Ndizi. Mikungu imepangwa mpaka huoni mtu wa nyuma, ya Moshi, ya Tukuyu, za kupika na za kuivisha, na hapa pia mabega, kila mkungu unashuka kwenye lori kwa bega la mtu. Nimenunua ndizi za kutosha kwa shangazi.

JUMAMOSI

Ilala, soko la Karume, mitumba. Liliungua Januari 2022 na watu wakaanza upya, wengine bila chochote. Belo likifunguliwa asubuhi unaona watu wamejipanga kulizunguka, kamba ikikatwa tu mikono inaingia, cha kwanza kinaenda kwa wenye maduka ya Sinza na Kinondoni watakaokifua, watakipiga pasi na kukitundika kwenye henga, kinachobaki kinashuka bei kila saa mpaka mchana kinamwagwa chini kwa jero. Gauni lilelile, kilomita chache tu, bei mara kadhaa. Nimepata makoti ya watoto mazuri sana, Dodoma mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inauma na makoti yanatoka haraka. Muuzaji alinifundisha kuangalia zipu na kwapa kabla ya rangi.

Mchana Keko, kwenye samani. Vitanda na makochi yamewekwa barabarani yanangojea gari, harufu ya mbao na vanishi. Sikununua, nilitaka kuona tu, ila kabati la mninga nililoliona pale sijalisahau.

JUMAPILI

Kazi ya leo ilikuwa kutoa mzigo. Nilimpigia kaka wa Kondoa, akaja na mwenzake, belo zangu zikashushwa kutoka stoo ya duka nilikoziacha, nikaandika mwenyewe kwa mark pen, jina langu, DODOMA MAJENGO, namba ya simu. Nikazifuata kwa miguu kutoka ngazi ya juu mpaka kwenye kirikuu, kirikuu ikaelekea stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, mimi nikiwa nimekaa mbele na dereva. Ukienda mwenyewe na mzigo unajua nani analipwa nini: kuli, mwenye kirikuu, wapakiaji wa stendi, basi, alafu toyo ya kuutoa stendi Dodoma mpaka dukani. Hela hizo nilikuwa nazilipa miaka yote kwa jumla bila kuuliza, na nilikuwa nalalamika kwamba ni nyingi. Nimezigawanya kwenye daftari kila mtu na yake na nikaona kwamba anayebeba kwa bega ndo anapata ndogo kuliko wote. Kaka wa Kondoa nimempa mara mbili ya alichotaja, na tumekubaliana mizigo yangu yote ya kuanzia sasa inapita kwake.

Basi la mizigo linaondoka saa kumi na mbili jioni, mimi narudi na treni kesho asubuhi. Safari ijayo naanzia Tandika na Temeke, ambako sijafika kabisa, na nimeshamuuliza winga wangu akasema kule anaye ndugu yake wa kunitembeza.